Umeme wa akiba nyumbani: jinsi ya kupanga betri, inveta na jenereta

Watu wengi huanza na jenereta. Umeme umekatika mara ya tatu wiki hiyo, hasira zimepanda, mtu anarudi nyumbani na mashine. Wiki ya kwanza anaiwasha kwa fahari, wiki ya pili anaiwasha kwa kubembeleza, mwezi wa tatu imesukumwa pembeni na kabureta imeziba. Wengine huanza na inveta kubwa mno na betri moja iliyotolewa kwenye gari, halafu wanashangaa taa zinapozima baada ya saa moja. Vifaa vyenyewe havina kosa. Vimepewa kazi visizoziweza.

Utaratibu ninaoutetea hapa ni mmoja: nyumba iendeshwe na betri kupitia inveta, na jenereta iwe mtumishi wa betri. Iwake saa chache, ibebe mzigo wa kutosha, ijaze betri, izimwe. Usiku mlale bila ngurumo.

Hatua ya 1: Andika mzigo wako

Chukua karatasi, pita chumba kwa chumba, andika kila kifaa ambacho hutaki kizimike. Wati za kifaa ziko kwenye kibandiko cha nyuma au chini yake. Pakiandikwa ampea peke yake, zidisha kwa volti: ampea 0.5 kwenye umeme wa volti 230 ni wati 115. Kisha andika saa ambazo kifaa kitatumika katika kipindi unachotaka kukivuka. Mimi nitachukua saa 12, jioni hadi asubuhi.

- Taa 6 za LED za wati 9, saa 5: wati-saa 270
- Ruta ya intaneti, wati 10, saa 12: wati-saa 120
- Televisheni ya wati 80, saa 4: wati-saa 320
- Kompyuta mpakato ya wati 60, saa 2: wati-saa 120
- Simu 4: wati-saa 60
- Feni ya wati 60, saa 8: wati-saa 480
- Friji ya wati 150, saa 12: wati-saa 600

Jumla ni 1,970. Tuseme 2,000, ambazo ni sawa na uniti 2 za umeme.

Huenda umejiuliza kuhusu friji: 150 mara 12 ni 1,800, mbona nimeandika 600? Kompresa ya friji huwaka na kupumzika. Friji nzima isiyofunguliwa ovyo hufanya kazi kama theluthi moja ya muda. Lakini friji kuukuu yenye mpira wa mlango uliochoka inaweza kufanya kazi karibu muda wote, na hesabu yako ikaharibikia hapo. Ukipata kile kipimo kidogo cha kuchomekwa kwenye soketi kinachohesabu wati-saa, kiache kwenye friji siku nzima. Namba utakayoisoma inaaminika kuliko kibandiko.

Pasi, birika la umeme, jiko la umeme na hita ya maji visiingie kwenye orodha hii. Birika la wati 2,000 likiwaka dakika 10 limekula wati-saa 330 hivi, chakula cha feni kwa saa tano na nusu. Pampu ya maji nayo iache. Tutaipa kazi siku jenereta inapowaka.

Hatua ya 2: Chagua inveta

Inveta hubadili umeme wa DC wa betri kuwa umeme wa AC wa soketi. Ina namba mbili za wati: ile inayoweza kuibeba mfululizo, na ile inayoweza kuivumilia kwa sekunde chache. Boksi mara nyingi huchapa ile ya pili kwa maandishi makubwa. Wewe tafuta ya kwanza.

Kwenye mfano wetu, vifaa vyote vikiwaka kwa pamoja ni kama wati 435. Ungedhani inveta ya wati 500 inatosha. Haitoshi, kwa sababu ya friji. Kompresa ya kawaida inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au sita ya wati zake kwa kitambo kifupi sana. Hapo ni wati 900, juu ya 285 za vifaa vingine. Inveta ndogo italia, itakata, na friji itajaribu tena na tena. Kwa nyumba hii ningeweka inveta ya wati 1,500 za mfululizo. Friji za kisasa ambazo kompresa yake huongeza mwendo polepole hazina kishindo hicho.

Kuna kishawishi cha kununua ya wati 5,000 “ili baadaye tusihangaike”. Inveta yenyewe hula umeme hata pasipo kifaa kilichowashwa. Kubwa inaweza kula wati 50 ikiwa imekaa tu, na kwa saa 12 hizo ni wati-saa 600. Umeongeza friji ya pili isiyogandisha chochote.

Nunua ya wimbi safi. Zile za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi, linalopanda na kushuka kwa vidato badala ya mkunjo laini. Taa na chaja nyingi huvumilia. Mota za friji, feni na pampu hupata joto na kutoa mvumo usio wa kawaida, na baadhi ya vifaa vyenye saketi nyeti hukataa kabisa. Kama kuna friji kwenye orodha yako, hapo hapana mjadala.

Mwisho ni volti za upande wa betri. Kadiri volti zinavyokuwa ndogo ndivyo ampea zinavyokuwa nyingi, na ampea ndizo zinazochoma nyaya. Wati 1,500 kwenye mfumo wa volti 12 huvuta ampea 140 hivi ukihesabu na upotevu wa inveta. Kwenye volti 24 ni 71, na kwenye 48 ni 36. Mpaka wangu ni huu: hadi wati 1,000, volti 12, hadi 3,000, volti 24, kupita hapo, 48. Mfano wetu basi ni wa volti 24.

Hatua ya 3: Betri, ambako pesa nyingi hupotea

Inveta hupoteza sehemu ya umeme njiani, kwa hiyo gawanya mzigo kwa 0.85. Wati-saa 2,000 za vifaa zinakuwa 2,350 za kutoka kwenye betri.

Betri ya gari iache kwenye gari. Imetengenezwa kwa sahani nyingi nyembamba ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Ukiikamua usiku kucha, sahani hizo hubomoka, na baada ya mara kadhaa utabaki na boksi zito la plastiki.

Betri za risasi na asidi zilizokusudiwa kukamuliwa taratibu ni kitu kingine. Ni teknolojia ya zamani (Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859) na tabia yake inajulikana vizuri: haipendi kuishiwa, haipendi kukaa nusu, haipendi joto. Panga kutumia nusu tu ya ujazo wake. Kwa hiyo 2,350 inakuwa 4,700. Betri mbili za volti 12 na ampea-saa 200, zikiungwa kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine), zinatoa volti 24 na ampea-saa zilezile 200, yaani wati-saa 4,800. Angalia hapo: kwenye mfululizo volti hujumlishwa, ampea-saa hazijumlishwi. Kwenye sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) ni kinyume chake.

Kuna siri ndogo kwenye zile ampea-saa. Kwa kawaida hupimwa kwa kukamua betri polepole kwa saa 20. Betri ya 200 inamaanisha ampea 10 kwa saa 20. Ukivuta ampea 60 hutapata ampea-saa 200. Betri ya risasi ikiharakishwa hutoa pungufu.

Zile zenye vifuniko vya kuongezea maji hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Zisifungiwe kabatini wala zisikae chumba cha kulala. Zile zilizozibwa, za AGM (asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo) na za jeli, hazihitaji maji na hutoa gesi kidogo sana, ila zinataka chaja iliyopangwa sawasawa, kwa sababu maji yakishatoka huna pa kuyarudishia.

Betri za lithiamu zinazofaa nyumbani ni za chuma na fosfeti, ambazo hutambulika kwa alama ya LiFePO4. Zinavumilia joto kuliko lithiamu za simu, unaweza kutumia asilimia 80 ya ujazo bila wasiwasi, na zinahimili kujazwa na kukamuliwa maelfu ya mara, pale ambapo za risasi huhesabiwa kwa mamia. Seli moja ni volti 3.2, nane hufanya 25.6. Betri ya volti 25.6 na ampea-saa 150 ni wati-saa 3,840. Zile 2,350 zetu ni kama asilimia 61 ya hizo. Ndani yake mna BMS, saketi inayolinda seli na kukata umeme mambo yakiharibika. Usinunue isiyo nayo. Na pale kwenye baridi ya kuganda, zisichajiwe chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maana seli huharibika kabisa.

Nichague ipi? Umeme ukikatika karibu kila siku, lithiamu, ingawa utalipa zaidi siku ya kwanza. Ukikatika mara moja kwa mwezi, betri nzuri za risasi zinazokaa zimejaa muda wote zinatosha kabisa, na yeyote anayekuambia zimepitwa na wakati ana kitu cha kukuuzia.

Zote ziwekwe mahali penye kivuli na hewa. Betri ya risasi ikiishi kwenye nyuzi 35 badala ya 25, hesabu nusu ya maisha yake imekwenda. Na usichanganye nzee na mpya, wala za ujazo tofauti: iliyochoka huwaburuta wenzake.

Hatua ya 4: Nyaya, fyuzi na viungio

Nina spana yenye pengo mdomoni, kama imeng’atwa. Nilikuwa nakaza nati ya betri ya volti 12, mkono ukateleza, spana ikalalia ncha zote mbili. Palitokea mwanga mweupe na harufu ya chuma, na kipande kilichoyeyuka kikatoboa kiatu. Volti 12 hazikurushi zikikugusa, ndiyo maana watu huzidharau, lakini betri iliyoshikanishwa ncha hutoa ampea kwa maelfu. Tangu siku hiyo spana zangu zote nimezizungushia utepe wa plastiki hadi karibu na mdomo. Vua pete na saa pia, na vaa miwani.

Kwa inveta yetu ya wati 1,500 kwenye volti 24, tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 25, usiozidi mita moja na nusu kutoka betri hadi inveta. Kama lazima kitu kiwe mbali, kiwe upande wa AC: ni rahisi kurefusha waya wa soketi kuliko waya wa betri. Inveta isiwekwe juu ya betri za asidi moja kwa moja, maana mvuke wake hula saketi.

Fyuzi ya ampea 100 ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kuulinda waya. Sehemu iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, kwa hiyo iwe fupi. Fyuzi au breka hiyo iwe imeandikwa kuwa ni ya DC na ya volti zinazofaa. Umeme wa AC hupita sifuri mara nyingi kila sekunde, na cheche huzimika hapo. Wa DC haupiti sifuri, na breka ya kawaida ya nyumba inaweza kufunguka huku cheche ikiendelea kuwaka ndani. Kwa lithiamu, fyuzi za aina ya T ni chaguo salama kwa sababu zinaweza kukata ampea nyingi mno.

Sasa viungio. Tumia lagi za shaba (vichwa vya kubana kwenye ncha ya waya) zinazolingana na waya, uzibane kwa koleo la haidroliki. Kuzipiga nyundo hakutoshi. Fanya hesabu hii uone: kiungio kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kikipitisha ampea 70, hutoa joto la wati 49. Hiyo ni pasi ya kulehemu imekaa kwenye ncha ya betri yako usiku kucha. Mifumo mingi niliyoikuta imeungua, haikuungua inveta wala betri. Ilianzia kwenye nati.

Kuunganisha kwenyewe: toa fyuzi. Unganisha betri kwa mfululizo. Funga waya wa hasi, kisha wa chanya. Pima kwa mita kwamba volti ni zile ulizotarajia na chanya iko upande wa chanya. Inveta nyingi hufa papo hapo nyaya zikigeuzwa, na waranti haitakusaidia. Ndipo urudishe fyuzi. Utaona cheche ndogo, kapasita za inveta zinajaa. Ukitaka kuiepuka, pitisha umeme kwanza kupitia taa ya gari ya volti 24 kwa sekunde chache.

Ukiwa na betri za sambamba, chukua chanya kutoka betri ya kwanza na hasi kutoka ya mwisho. Ukichukua zote kwenye betri moja, hiyo itafanya kazi ya wote na kufa kabla yao.

Hatua ya 5: Umeme uingieje kwenye nyumba

Njia nyepesi ni kuchomeka vifaa moja kwa moja kwenye inveta kwa kebo za soketi. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa nyaya za ukutani, inatosha, na hana haja ya kujisikia vibaya.

Njia nzuri zaidi ni kutenga bodi ndogo ya breka yenye njia za taa, friji na soketi chache tu, ikalishwa na inveta. Hii ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Lakini ujue mambo mawili ya kumkagua. Kwanza, nyutro (waya wa kurudishia umeme) za njia zilizohamishwa zihame pamoja na laivu (waya wenye umeme) zake. Fundi mvivu huhamisha laivu peke yake na kuacha nyutro kwenye bodi kuu. Breka inayogundua umeme unaovuja itakata kila dakika, au mbaya zaidi, haitakata na nyutro itabaki na umeme pale unapodhani umezima. Pili, kati ya umeme wa nje na wa jenereta pawe na swichi ya chenjiova, ambayo huachia upande mmoja kabisa kabla ya kushika mwingine.

Na sasa nitasema kwa sauti kubwa kidogo. Usitengeneze waya wenye plagi ncha zote mbili ili uchomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani. Ukisahau kuzima swichi kuu, umeme wako utatoka nje hadi kwenye transfoma, ambayo itaupandisha kuwa maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa ndiye atakayeupokea. Hata ukikumbuka swichi kuu, upande mmoja wa waya huo ukichomoka una meno ya plagi yenye umeme hai, na mtoto anaweza kuyashika.

Inveta yenye chaja ndani yake hurahisisha mengi: umeme wa nje ukiwapo huupitisha na kuchaji betri, ukikatika inabadilisha yenyewe ndani ya milisekunde 10 hadi 20, na kompyuta nyingi hazitambui. Umeme wa nje uingie mlango wa kuingilia, wa nyumba utoke mlango wa kutokea. Anayeleta umeme wa nje kwenye mlango wa kutokea ataiunguza.

Hatua ya 6: Jenereta

Kwanza mahali pake. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inalewesha, inaleta usingizi, inaua, na aliyelala haamki. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, bomba la moshi likitazama mbali na nyumba. Baraza haihesabiwi kuwa nje. Gereji iliyofunguliwa mlango haihesabiwi. Chumbani weka king’ora cha kaboni monoksaidi chenye betri yake. Ni kifaa kidogo kuliko sahani.

Ukubwa: soma kVA (nguvu ya jumla) na kW (nguvu inayofanya kazi) kwa makini. Kwa kipeo cha nguvu, yaani uwiano wa kW kwa kVA, cha 0.8, kVA 3 ni kW 2.4. Ukiwa nyanda za juu, injini hupoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo ongeza.

Chaja ya betri zetu za risasi iwe ampea 40, kwa sababu betri hizo hupenda kuchajiwa kwa asilimia 10 hadi 20 ya ujazo wake. Ampea 40 kwenye volti 28 ni wati 1,120, na ukihesabu upotevu wa chaja jenereta itatoa kama 1,300. Weka juu yake friji na vifaa vingine vya wati 400, umefika 1,700: asilimia 70 ya jenereta ya kW 2.4. Hapo ndipo inapopenda kukaa. Injini inayozunguka mizunguko 3,000 kwa dakika ili itoe hezi 50 (mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde) hula petroli nyingi hata ikibeba taa tatu tu. Ya dizeli ikibebeshwa mzigo mdogo kwa muda mrefu, chini ya asilimia 30 hivi, hujaa masizi na mafuta yasiyoungua kwenye bomba. Hii ndiyo sababu ya kuifanya mtumishi wa betri: mzigo mzito, muda mfupi.

Usiku wetu ulikula wati-saa 2,350, ambazo ni ampea-saa 98. Kwa ampea 40, kutoka nusu hadi asilimia 80 ya ujazo ni saa moja na nusu hadi mbili. Betri ya risasi ikifika asilimia 80 huanza kukataa, ampea zinashuka, na zile 20 za mwisho huchukua saa kadhaa. Usichome petroli kuzisubiri. Zima, uache umeme wa nje ukirudi umalizie, au paneli za sola kama unazo. Ila kila wiki moja au mbili betri ya risasi ijae hadi mwisho, la sivyo salfeti huganda kwenye sahani na ujazo haurudi. Lithiamu haina tatizo hilo, inapokea karibu hadi ukingoni.

Muda huohuo jenereta inapowaka, jaza tangi la maji. Pampu ya nguvu-farasi 1 ni wati 746 za kazi kwenye shafti, umeme inaovuta ni zaidi ya hapo, na inapoanza huvuta mara kadhaa, kwa hiyo punguza ampea za chaja kwanza, kisha washa pampu.

Ikitokea inveta ikakataa umeme wa jenereta, ikibofya na kuachia, usikimbilie kulaumu yoyote. Inveta nyingi zina mpangilio wa aina mbili wa kupokea umeme wa nje: mmoja mkali kwa ajili ya kompyuta, mwingine mlegevu kwa ajili ya vifaa vya kawaida. Badilisha kwenda mlegevu. Ikiendelea, punguza ampea za kuchaji, maana jenereta ndogo ikibanwa huyumba hezi.

Kebo ya kutoka kwenye jenereta iwe ya milimita za mraba 2.5, na ifunguliwe yote. Iliyobaki imeviringwa kwenye kidungu hupata joto na kuyeyuka. Ethi (waya wa ardhini) ifungwe kama kitabu cha mashine kinavyosema. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Hatua ya 7: Mipangilio, kisha zoezi la giza

Chagua aina ya betri kwenye chaja kabla ya kitu kingine. Kwa betri za risasi za maji kwenye mfumo wa volti 24, kujaza ni kama volti 28.8 na kuishikilia ikishajaa ni 27.2, za jeli na AGM fuata karatasi ya mtengenezaji. Kwa LiFePO4, 28.4 inatosha, na ule mpango wa kusawazisha kwa volti za juu uzimwe kabisa.

Kisha angalia volti za kukata. Inveta nyingi huja zimepangwa kukata volti 21, ambapo betri ya risasi imeshakamuliwa hadi kwenye mifupa. Pandisha iwe 23. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Kwa lithiamu volti hazikuambii kitu, maana hukaa palepale karibu 13.2 kwa kila volti 12 za mfumo hadi inapokaribia kuisha. Funga kipimo chenye shanti (kipande cha ukinzani mdogo kinachopitisha umeme wote wa betri) kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Halafu, Jumamosi moja mchana, zima swichi kuu ukiwa na saa na daftari. Ishini kama kawaida. Andika volti kila saa. Baada ya dakika 30, zima inveta, toa fyuzi, gusa kila lagi: iliyo ya moto kuliko wenzake ifunguliwe, isafishwe, ikazwe upya. Kama ulitarajia saa 12 na umepata 6, kuna kifaa hukukiandika, na mara nyingi ni friji au redio kubwa iliyokaa tayari bila kuzimwa.

Matunzo

Kaza nati wiki moja baada ya kufunga, kisha kila miezi sita. Maji ya betri yaongezwe baada ya kuchaji, yawe yaliyotoneshwa. Ya bomba yana chumvi. Lithiamu ikikaa bila kazi muda mrefu, iache nusu.

Jenereta iwashwe kila mwezi dakika 20 hadi 30, ikiwa na mzigo. Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 hivi, maana ina unga wa chuma wa injini mpya, kisha kila saa 50 hadi 100. Kama haitatumika kwa miezi, funga koki ya mafuta na uiache izime yenyewe hadi kabureta ikauke. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha gundi, na gundi hiyo ndiyo iliyoiua ile jenereta ya pembeni niliyoitaja mwanzo.

Mwisho, andika kikaratasi ubandike kando ya bodi, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya yule atakayekuwa nyumbani siku wewe haupo:

1. Chenjiova iko katikati? Washa jenereta nje, subiri dakika 3 bila mzigo.
2. Peleka chenjiova upande wa jenereta. Chaja itaanza yenyewe.
3. Punguza ampea za chaja, washa pampu, tangi likijaa izime na urudishe ampea.
4. Betri ikifika asilimia 80, rudisha chenjiova katikati, subiri dakika 3, zima jenereta.
5. Umeme wa nje ukirudi, peleka chenjiova upande wake.
6. King’ora cha gesi kikilia, tokeni wote nje kwanza. Mashine izimwe baadaye.